Hakimu kaamuru nilipwe fidia, sasa pesa iko wapi?

Watu wakisikia kwenye taarifa ya habari "mshtakiwa amehukumiwa miaka mitatu jela na kuamriwa kumlipa mlalamikaji fidia ya shilingi milioni kadhaa" wanajua mlalamikaji kashaondoka na chake. Jamani hamna kitu kama hicho. Mi nilitoka mahakamani mwaka 2021 na amri ya kulipwa shilingi 5,090,000 na mpaka leo naandika hapa bado nadai. Siwakatishi tamaa, nusu na ushee nimeshaipata na kuna watu nawajua hawajaona hata senti, ila nataka nieleze ilivyokuwa maana kila siku naulizwa na wateja na ndugu, na kueleza mtu mmoja mmoja kaunta huku mwingine anasubiri kilo ya misumari nimechoka.

Nina hadwea, huku Nyanda za Juu Kusini. Nauza bati, nondo, saruji, rangi, mabomba, mzigo mwingi naufuata kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar. Nilikuwa na kijana wa stoo, amekaa na mimi miaka, ananiita mama, funguo za stoo anazo yeye na mimi. Huyu dogo alikuwa na akili sana, yaani nondo alikuwa anachomoa zile za nyuma, za mbele anaziacha zimepangika vizuri kama zilivyokuja, ukisimama mlangoni unaona stoo imejaa. Bati hivyo hivyo, anapunguza katikati ya rundo halafu anapachika mabanzi ya mbao kuinua kimo. Ningeendelea kuangalia kwa macho nisingejua, ila mwisho wa mwaka tunahesabu moja moja, sasa tulipofika kwenye nondo za milimita 12 hesabu ikagoma. Tukarudia, ikagoma zaidi. Mlinzi wa jirani ndo akatoboa kwamba kuna guta huwa linakuja alfajiri, yeye alijua mama kauza.

Nikaenda polisi nikapewa RB, ile namba ya kuonyesha umeripoti, dogo akakamatwa, akamtaja fundi mmoja wa kupaua aliyekuwa anamuuzia bati. Bati 35 zikakutwa kwa fundi.

Hapa ndo kesi ya fidia inapoanzia na watu wengi hawajui, wanadhani fidia inaanzia siku ya hukumu. Mi nilibahatika nina mteja wangu mmoja mzee, alikuwa karani wa mahakama kabla hajastaafu, alikuja kununua saruji akanikuta nimevurugwa. Nikamwamkia nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, kwenye maelezo yako polisi umeandikaje?" Nikamwambia wameandika bati na nondo zenye thamani ya zaidi ya milioni nane. Akatikisa kichwa akasema rudi, waambie unataka kuongeza maelezo, taja bati ngapi, geji gani, ulinunua lini, kwa bei gani, na kila kitu uwe na karatasi yake, maana hakimu hawezi kukupa kitu ambacho hakipo kwenye ushahidi.

Basi nikarudi. Afande alininunia kidogo lakini akaandika. Nikatafuta risiti za EFD za mzigo, hati za kupokelea mzigo, daftari la stoo, na lile la mauzo. Bati za geji 30 zilizopungua zilikuwa 120, kwa bei ya kununulia wakati ule 22,000 kila moja. Nondo 140, kila moja 23,000. Saruji nayo ilipungua lakini saruji inatoka na kuingia kila siku na kuna wakati watu wanachukua kwa mkopo, daftari lake halikunyooka kama la bati. Nikaiandika hivyo hivyo, pamoja na hasara ya kufunga duka siku nilizokuwa nahangaika, jumla ikawa milioni nane na kitu.

Sasa mnisikilize vizuri kwenye hili. Kesi ya jinai sio kesi yako. Imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, wewe ni shahidi wa kwanza tu, unaitwa, unaapa, unasema ulichonacho, unaulizwa maswali unashuka. Huna wakili wako pale wa kusimama kusema mheshimiwa hakimu mteja wangu anaomba alipwe. Anayeongea kwa niaba ya upande wako ni mwendesha mashtaka wa serikali na yeye ana mafaili hadi kwenye kidevu, hilo la fidia linaweza likampita kabisa, sio kwa ubaya. Mi nilimfuata kabla ya siku ya ushahidi, kwa adabu, nikamwambia kaka naomba kwenye kesi yangu uombe na fidia, karatasi hizi hapa. Akazipokea akaniambia afadhali umesema mapema maana hizi lazima uzitoe wewe mwenyewe kizimbani kama vielelezo, haziwezi kuja kuletwa baada ya hukumu. Kweli nilivyotoa ushahidi nikaulizwa nazitambuaje, nikaeleza, zikapokelewa zikapewa namba. Wale washtakiwa wakaulizwa kama wana pingamizi, dogo akasema hana, fundi akapinga daftari la stoo kwamba nimeliandika juzi. Hakimu akalifungua akaanza kulipekua, kuna kurasa zilimwagikiwa na chai na nyingine zina vumbi la saruji limegandana kwenye mshono, akaandika kitu, akalipokea. Nilicheka kimoyomoyo.

Kisheria mlango wa fidia upo wazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 31 kinasema mahakama ikimtia mtu hatiani na ikaonekana kuna mtu amepata hasara ya mali au ameumia mwili kwa sababu ya lile kosa, na kwamba angeweza kulipwa kwa kufungua madai, basi mahakama inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe, kwa pesa au kwa kitu, juu ya adhabu nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inalo, kwenye hukumu yangu kimetajwa kifungu cha 348. Lakini neno lililopo pale ni "inaweza". Hakimu halazimishwi. Asipoona ushahidi wa hasara au asipokumbushwa anaweza akatoa kifungo akafunga faili akaenda kwenye kesi inayofuata na hajavunja sheria yoyote. Ndo maana nawaambia msinyamaze.

Halafu watu wanachanganya faini na fidia, yaani hata mume wangu alichanganya. Mtu akipigwa faini ya milioni mbili, ile pesa inaenda serikalini, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo unalipa benki kwisha, mwenye mali haimhusu. Mahakama ina uwezo wa kusema sehemu ya faini apewe aliyepata hasara lakini ni mpaka iseme. Fidia ndo yako. Na wadhamini vilevile, kuna mama aliniambia ye hana wasiwasi kwa sababu mshtakiwa wake kadhaminiwa na watu wawili wenye nyumba. Nikamwambia mama, wale wamedhamini kwamba mtu atafika mahakamani, akitoroka ndo watawajibika kwa ile dhamana, deni lako wewe haliwahusu hata kidogo. Hakupenda kusikia.

Zile bati 35 zilizokamatwa zikawa vielelezo. Mali yangu, naiona, na siwezi kuiuza. Zilikaa kwenye stoo ya vielelezo zimeegemezwa ukutani, zimeandikwa kwa makapeni namba ya kesi, chini zinagusa sakafu yenye unyevu, kila nikienda nakuta doa la kutu limepanda. Niliomba zipigwe picha nirudishiwe, nikaambiwa upande wa utetezi unabisha kama ni zenyewe kwa hiyo zisubiri. Kama mali yako haina ubishi, ng'ombe, gari, simu, ombeni mapema sana kurudishiwa kwa maandishi, kuna utaratibu wa kupiga picha na kuandikishiana. Nilikuja kurudishiwa baada ya hukumu, zile za chini nimemuuzia mtu wa banda la kuku kwa bei ya kutupa. Mahakama ilizihesabu kwa bei kamili kama nimerudishiwa mali, na sikuwa na pa kulalamika.

Siku ya hukumu sasa. Hukumu yenyewe ndefu, lakini sehemu inayohusu maisha yako inapita haraka sana, usipokuwepo imekula kwako. Hakimu akasema washtakiwa wote wana hatia, dogo wizi akiwa mtumishi, kosa ambalo adhabu yake inaweza kwenda mpaka miaka kumi, fundi kupokea mali ya wizi. Akamuuliza mwendesha mashtaka kama ana kumbukumbu za makosa ya nyuma, akasema hana, "ila mheshimiwa tunaomba mahakama itoe amri ya fidia kwa mujibu wa vielelezo". Akaniangalia. Nikashusha pumzi. Dogo alipoulizwa aseme chochote kabla ya adhabu akasema ana mama mgonjwa anayemtegemea yeye, fundi akasema ana wake wawili na watoto saba, watu wakaguna.

Dogo miaka mitatu. Fundi mwaka mmoja lakini akapewa kutumikia nje kwa huduma kwa jamii, akawa anafanya usafi zahanati. Kuhusu fidia hakimu alipiga hesabu kama mhasibu, bati na nondo nilizothibitisha ni 5,860,000, toa bati 35 zilizopatikana ambazo ni 770,000, ikabaki 5,090,000. Saruji akaikataa, hasara ya kufunga duka akaikataa, akasema hazijathibitishwa. Halafu akagawa, fundi ushahidi unaonyesha alipokea bati 80 na 35 zimerudi kwa hiyo alipe za 45 zilizobaki, 990,000, na dogo alipe zinazosalia, 4,100,000. Nje pale ndugu zangu wanashangilia miaka mitatu, mi akili yangu yote iko kwenye swali moja tu, mtu aliyeko gerezani anaipata wapi milioni nne?

Na hili ndilo linaloniumiza mpaka leo, watu tunapigia makofi kifungo kirefu halafu tunataka na fidia kubwa, na hivi vitu viwili vinavutana. Siku hizo za kesi nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje na mama mmoja, kesi ya binti yake ya ubakaji. Kwa makosa ya aina ile sheria haisemi "inaweza", inasema mahakama itaamuru fidia, pamoja na kifungo kisichopungua miaka thelathini. Na aliyefanya akapata thelathini yake na fidia ikaandikwa, milioni kadhaa. Yule jamaa alikuwa hana kitu, anabeba mizigo sokoni. Yule mama aliniuliza mimi, eti kwa vile nimekuja na makaratasi mengi najua, akaniuliza dada hii pesa naenda kuchukua dirisha gani? Sikuwa na jibu la kumpa. Binti alihitaji matibabu na kuhamishwa shule muda ule ule, sio mwaka wa hamsini huko. Wenzetu Kenya walitunga sheria ya kulinda waathirika wa uhalifu mwaka 2014, ndani yake kuna mfuko maalumu wa kusaidia waathirika, na imetaja mpaka gharama za matibabu na ushauri wa kisaikolojia na usafiri kwamba ni vitu vya kulipwa. Mfuko kuwepo kwenye sheria na mfuko kuwa na hela ni mambo mawili, sawa, ila angalau yule mama angekuwa na dirisha la kwenda kugonga. Sisi huku tumemuachia kila kitu aliyetenda, akiwa fukara basi na fidia yako fukara.

Haya, kukazia hukumu sasa, yaani kulazimisha ulipwe kilichoamriwa. Amri ikishatoka hamna afisa yeyote anayeamka asubuhi kwenda kukudaia, unakazia wewe. Yule mzee karani akanishauri nivute subira muda wa rufaa upite, maana mtu akitaka kukata rufaa kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu anatakiwa atoe kusudio ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Wakati nasubiri nikaomba nakala ya hukumu yenye muhuri. Ilichukua muda, na ilikuja ya Kiingereza, japo mwaka huo huo 2021 sheria ndo ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, nadhani yetu iliponyoka. Mwanangu wa kidato cha sita ndo alinisomea.

Hakuna aliyekata rufaa. Fundi akaleta 300,000 akaahidi nyingine mwezi ujao, mwezi ujao ukawa mwezi ujao mwingine, simu akawa hapokei. Nikaandika maombi mahakama ile ile ya kukazia, nikaambatanisha hukumu, nikaeleza kilicholipwa na kilichobaki, 690,000, na hapa ndo pagumu, unatakiwa uonyeshe mali unayotaka ikamatwe. Mahakama haitafuti mali, unaitafuta wewe. Mi nikataka nyumba yake. Dalali wa mahakama akacheka, akaniambia mama, nyumba anayoishi mdaiwa na mke na watoto haikamatwi, wala vitanda, vyombo vya kupikia, nguo, wala zana za fundi anazofanyia kazi, Sheria ya Mwenendo wa Madai ndivyo inavyosema. Nikauliza na ile mashine yake ya kuchomelea? Ni zana ya kazi. Nikaona kama natukanwa vile, lakini nilipokaa chini nikatulia nikaona ina maana, ukimnyang'anya mashine atakulipa na nini.

Ila fundi alikuwa na bajaji anayomkodishia kijana, inapaki kituo cha stendi. Hiyo sio zana ya kupaua. Nikahakikisha kwanza kadi inasoma jina lake, maana ningekamata bajaji ya mtu mwingine mwenye mali angekuja na pingamizi na mimi ndo ningelipa gharama. Jina lilikuwa lake. Hati ikatoka, dalali akaenda alfajiri na mtendaji wa mtaa na askari, kabla bajaji haijaingia barabarani. Mi sikushuka kwenye gari, nilikaa naangalia dirishani, wanaandika namba ya chesesi, kijana dereva kashika ufunguo hajui ampe nani, mke mkubwa wa fundi kasimama na kanga moja anauliza bajaji imefanya kosa gani. Ikasukumwa hadi yadi. Dalali akabandika tangazo la kuuza kwa mnada.

Siku ya tatu tu fundi alikuwa dukani kwangu na 690,000 yote kwenye bahasha, na ya dalali akamalizana naye huko. Miezi yote ile alikuwa hana hela eti. Kwa hiyo wewe unayedai, wakati kesi inaendelea fungua macho, mtu anafanya biashara gani, ana kiwanja, ana pikipiki, imeandikwa jina la nani, baada ya hukumu vitu huwa vinabadilika majina usiku mmoja.

Dogo sasa. Huyu hakuwa na kitu cha kukamata, alikuwa anaishi kwa mama yake chumba kimoja. Huyo mama alikuja kwangu kabla ya hukumu akaniomba tuyamalize nyumbani, ana mbuzi wanne na ataomba kwa kaka zake. Nilimpa kiti, nilimpa chai, nikamwambia shikamoo mama lakini deni si lako. Na kisheria si lake kweli, mtu mzima akihukumiwa fidia ni yake, hukamati mbuzi wa mama yake. Ndugu zangu waliniona mjinga, wakasema ungechukua mbuzi. Mi sikutaka.

Kuna wakili wa msaada wa kisheria aliniambia naweza pia kufungua kesi ya madai kwa zile hasara zilizokataliwa, na kwamba kwenye madai kazi inakuwa nyepesi maana Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba mtu alitenda lile kosa, hurudi tena kuthibitisha wizi, unathibitisha hasara tu. Na madai ya aina hiyo yana ukomo wa miaka mitatu. Nikapiga hesabu ya saruji na muda wangu nikaachana nayo, lakini kwa mtu aliyevunjwa mguu au aliyepoteza kitu kikubwa ningemwambia asiache, na kama hana hela ya wakili awatafute wasaidizi wa kisheria, wapo wilayani, na tangu 2023 ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani, unaenda na makaratasi yako unasikilizwa bure.

Kuna njia nyingine ya kumpeleka mdaiwa gereza la madai. Nayo niliiuliza. Nikaambiwa inawezekana mahakama ikiona mtu anacho na anakataa makusudi, lakini chakula chake huko ndani unalipia wewe unayedai. Yaani mtu kaniibia bati halafu nimlishe! Hapana.

Dogo alitoka 2023, maana mfungwa mwenye tabia nzuri anapunguziwa theluthi moja. Sikumfuata. Nilimtumia ujumbe kupitia mjumbe wa mtaa wao kwamba nakala ya hukumu ninayo, muda wa kukazia ni miaka 12, na mi nina subira. Akaja mwenyewe na mjomba wake, kakonda, anaongea kwa sauti ndogo. Anabeba zege. Nikamuuliza unaweza kiasi gani, akasema laki mbili kwa mwezi, nikamwambia usinidanganye, sema kiasi ambacho hata mwezi mbaya utatoa. Akasema laki moja. Tukaenda mahakamani tukaandikishiana mbele ya karani, laki kwa mwezi mpaka deni liishe, akiruka miezi mitatu mfululizo narudi kukazia, ikaingizwa kwenye faili la kesi. Hilo la kuingiza kwenye faili msilidharau, makubaliano ya mdomo chini ya mwembe yana tabia ya kusahaulika upande mmoja. Na malipo yote kwa simu, kwenye laini yangu iliyosajiliwa kwa jina langu, ujumbe sifuti, na kila baada ya muda mwanangu anaziprinti napeleka karani anagonga muhuri.

Kuna miezi analeta elfu hamsini. Kuna mwezi wa mvua zege hamna haleti kitu ananipigia kabla sijampigia mimi. Mpaka sasa kalipa 1,750,000, kabakiza 2,350,000. Kwa mwendo huu atamaliza nikiwa nimeshazeeka, mume wangu kila akisikia simu imelia na laki moja anasema si bora ungemsamehe tu. Mi nasema hapana. Mbona yeye hakusamehe nondo hata moja. Na kuna jingine sijamwambia mtu, kwamba hii laki ya kila mwezi imenitoa hasira kuliko ile miaka aliyokaa ndani, ile miaka mitatu haikuniingizia kitu, nilikuwa nalala nikimuwaza, sasa hivi simuwazi, nasubiri ujumbe wa simu tu kama nasubiri mpangaji.

Mwezi uliopita kaniuliza kama naweza kumpa saruji mifuko kumi kwa mkopo, kapata kazi ya kujenga choo cha shule na tajiri atamlipa mwisho wa kazi. Nimemwambia saruji ipo, cash.